Mji Hukua kwa Haki, Si kwa Ghorofa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo twataka kuzungumza nawe juu ya mji wa Dodoma, na hasa juu ya katikati ya mji ule: madukani, sokoni, na mitaa ya zamani iliyo karibu na stesheni ya reli. Pengine utasema: "Sisi ni watu wa pwani. Dodoma iko bara, kwenye nchi kame ya Wagogo. Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam alfajiri, na abiria akafika Dodoma kabla ya adhuhuri. Mwanao yuko huko chuoni au ameajiriwa wizarani. Ndugu yako amefungua duka huko. Na huenda wewe mwenyewe una kiwanja huko, ulichokinunua kwa simu na hujakiona kwa macho yako.

Watu wetu wakirudi kutoka Dodoma, neno lao la kwanza ni ghorofa. Wasema: "Ah, Dodoma imekuwa Ulaya!" Neno hili ndilo tulilokusudia kulijibu. Mji haupimwi kwa urefu wa majumba yake. Hupimwa kwa haki waliyoipata wale waliokuwapo kabla ya majumba hayo, na kwa nafasi anayoachiwa mnyonge katikati yake. Mji uliokosa mambo haya mawili, hata ukitiwa taa za rangi, ni kama ukuta mbovu uliopakwa chokaa: wapendeza mpaka mvua inyeshe.

Kwanza tukumbushane asili, maana wako wadhanio kwamba Dodoma ilianza siku serikali ilipohamia. Jina lake, kama wasimuliavyo wenyeji, latokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama. Husemwa kwamba tembo alikuja kunywa maji, akazama katika tope asitoke. Angalia basi: hata jina la mji limetokana na maji.

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza katika Ugogo. Babu zetu wa pwani walipita humo, wengine na pembe za ndovu, na wengine, lazima tuseme kweli, na watumwa. Nchi ile mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na visima vilichimbwa na Wagogo kwa mikono yao. Basi watemi wao wakawatoza wasafiri hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa. Wazungu waliopita huko, kama Burton na Stanley, waliilalamikia hongo hiyo kweli kweli. Lakini tukipima kwa insafu, Mgogo alidai nini? Alidai kwamba mgeni asiyatumie maji ya mwenyeji bure kisha akaenda zake. Sisi twasema "mgeni njoo, mwenyeji apone." Hatusemi mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Wajerumani wakajenga reli ya kati, ikafika Dodoma mwaka 1910, na mji ukaota pembeni mwa stesheni. Pakawa na boma. Pakawa na maduka ya Wahindi, yaliyoupa mtaa jina la Uhindini, na jamatkhana ya Maismailia iliyoacha jina la Jamatini. Barabara zikapewa nambari, na hata leo utasikia mtu akisema nipo Barabara ya Saba. Majengo wakakaa watu wa makabila mbalimbali, na ndipo lilipo soko kuu la zamani. Uhai wa mahali pale haukuletwa na mchoro wa mtaalamu. Uliletwa na watu waliokaa karibu karibu: duka mbele na nyumba nyuma, fundi cherehani barazani, mama lishe kando yake, na msikiti hatua chache. Mtu alisali, akanunua, akasalimiana, akarudi kwake bila ya kupanda gari.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa jina la CDA, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Kanada wakatoa ramani kuu. Shabaha yake ilikuwa njema: mji usioiga fahari ya wakoloni, mtu aweze kwenda kwa miguu, asafiri kwa basi, na miti iwe baina ya mitaa. Miaka kumi ikapita, ikapita na mingine. Bunge lilitangulia kukaa mwaka 1996, Chuo Kuu kikaanzishwa mwaka 2007, na Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali yote yahama. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua Ikulu ya Chamwino. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini; sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika miaka kumi tu watu wamekaribia kuwa mara mbili.

Ukuaji wa namna hii ni mtihani. Nasi twauliza mambo matatu: ardhi, soko, na maji.

Tuanze na ardhi. Wako wasemao: "Nchi ile ilikuwa pori tu, aliyelipima akaligawa hakumdhulumu mtu." Hoja hii ni dhaifu. Pori la mtu wa mjini ni malisho ya mfugaji. Pale unapoona vichaka, Mgogo aona mahali ng'ombe wake wanapokula kiangazi, na ng'ombe kwake ni akiba na mahari. Pale unapoona ardhi nyekundu tupu, yeye aona shamba la uwele na mtama, au la zabibu, tunda lililoipatia Dodoma sifa nchi nzima.

Tena ardhi ya mji ule ilikuwa na kisa chake. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa CDA, na raia hakupewa hati ya miaka 99 kama mwenzake wa miji mingine. Alipewa ya miaka 33, akawa kama mpangaji wa mpangaji. Malalamiko ya viwanja yakajaa, na Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja mamlaka hiyo, kazi zake zikapelekwa Manispaa, na ikaamriwa hati ziwe za miaka 99. Penye kustahili sifa tusifu: hilo lilikuwa jambo la haki.

Walakini kuvunja ofisi si kumaliza dhuluma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yenyewe yataka mtu anayetwaliwa ardhi alipwe fidia iliyo kamili, ya haki, na kwa wakati. Yatazame masharti hayo matatu moja moja. Mzee aliyelipwa kwa hesabu ya shamba la mtama, kisha akaona ardhi ile ile yauzwa kwa mita za mraba, je, amelipwa kamili? Mjane aliyefanyiwa tathmini leo, akapokea fedha bei ya matofali na bati zimekwisha panda, je, amelipwa kwa wakati? Sheria tunayo, kinachotakiwa ni watu wa kuiogopa dhuluma hata pale ambapo karatasi zimekamilika.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kutojua, kwani mji wa Mtume wetu (S.A.W.) nao ulikuwa mji uliokua kwa ghafula. Wahamiaji walimiminika Madina, na jambo la kwanza lililotakiwa lilikuwa mahali pa msikiti, katikati. Ngamia wake alipiga magoti penye uwanja wa kuanikia tende uliokuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Mayatima wale walitaka kuutoa bure. Mtume alikataa, ukalipiwa thamani yake. Hebu fikiri: mtu mtukufu kuliko wote, kazi tukufu kuliko zote, na wenye mali wameridhia, na bado akalipa! Kisha uje wewe na afisa wako na dalali wako, mwambie mzee wa kijijini kwamba maendeleo hayana bei?

Na katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), msikiti ulipoelemewa na watu akataka kuupanua, nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas alikataa kuuza. Khalifa hakupeleka askari kuibomoa. Walikwenda kwa mwamuzi, Ubayy bin Kaab, naye akahukumu kwamba Abbas ana haki na Khalifa hana. Hukumu ilipokwisha thibiti, ndipo Abbas akaitoa nyumba yake sadaka kwa hiari. Yatazame matokeo: msikiti ulipanuka, na hakuna aliyelia. Tofauti baina ya kupanua mji na kunyang'anya watu ni hiyo hiyo tu, kuwa mnyonge aweza kusema hapana na akasikilizwa.

Sasa tuje kwenye soko. Wako wasemao: "Wamachinga wachafua mji, waondolewe katikati ndipo mji upendeze." Mwaka 2021, nchi nzima, wafanya biashara wadogo waliondolewa kando ya barabara. Dodoma jiji likawajengea soko lao Barabara ya Bahi, nalo ni jambo jema kuliko kuwafukuza tu na kuwaacha wakirandaranda. Kabla ya hapo stendi kuu ya mabasi ilikwisha toka katikati ikaenda Nzuguni, na soko kubwa la Job Ndugai likajengwa huko huko. Wizara nazo zimejenga Mtumba, kilomita nyingi mashariki ya mji.

Kila jambo kati ya haya lina sababu yake, wala hatusemi kwamba yote ni makosa. Lakini yaweke pamoja, uone hesabu yake. Msafiri ametolewa katikati. Karani ametolewa katikati. Mwenye kuuza ndizi na soksi ametolewa. Kisha twajenga ghorofa, twaweka fremu za maduka chini yake, na twashangaa kwa nini fremu zafungwa! Duka halinunuliwi na vioo. Duka lahitaji miguu ya watu, na miguu ya watu yafuata basi, ofisi na bei nafuu. Aliyekuja kununua kitambaa kwa machinga ndiye aliyeingia dukani kununua cherehani. Ukimkata mdogo, umemkata na mkubwa asijue.

Mtume (S.A.W.) alipowapatia watu wa Madina soko lao, aliwapa uwanja wa wazi, akakataza pasitozwe kodi wala mtu asijifanyie pahali kuwa milki yake. Ikawa desturi, na Sayyidna Umar akaishikilia, kwamba soko ni kama msikiti: aliyetangulia kufika mahali ni pake mpaka aondoke. Hapakuwa na kilemba, wala kodi ya mwaka mzima mkononi kabla hujauza hata sindano. Maskini aliweza kuanza biashara na kapu moja. Leo kijana wa Kizaramo au wa Kigogo mwenye kapu moja ataanzia wapi, ikiwa kila shubiri ya katikati ya mji ina bei ya tajiri?

Lakini haki haina upande mmoja. Njia nayo ina haki yake, na Mtume ametuamrisha tuipe. Machinga anayepanga viatu mpaka mama mwenye mtoto mgongoni ashuke barabarani penye magari, huyo naye ni dhalimu. Anayetupa taka mtaroni, mvua za Januari zikija maji yakaingia nyumba ya jirani, ni dhalimu. Anayepunguza mizani, Qurani imekwisha mwonya kwa sura nzima. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasibu, mtu wa kuangalia mizani, usafi na njia. Naye kazi yake ilikuwa kulisimamia soko, si kulihamisha. Twataka mpango wa namna hiyo: mitaa michache ya katikati iachiwe wauzaji wadogo kwa saa maalumu, kwa safu zilizopimwa, kwa ushuru mdogo, na vyoo na maji yawepo.

Na sasa, ndugu msomaji, tukuelekee wewe, maana ni rahisi kuwalaumu wakubwa. Nilimsikia mtu mmoja hapa kwetu, baada ya sala ya Ijumaa, akijigamba kwamba ana viwanja vinne Dodoma. Alipoulizwa atajenga lini, alicheka akasema: "Nijenge ya nini? Kikilala kinazaa."

Hapana, kiwanja hakizai. Thamani yake hupandishwa na barabara iliyojengwa kwa kodi za wengine, na bomba lililopita, na shule iliyofunguliwa, na mama lishe aliyevumilia vumbi mpaka mtaa ukachangamka. Yeye amekaa pwani ananywa kahawa, na jasho la watu lamiminika mfukoni mwake. Na madhara yake hayabaki pale pale. Viwanja vikilala kandokando, mji watawanyika: nyumba moja hapa, vichaka, nyumba nyingine kule. Bomba na waya huwa mirefu na ya gharama. Karani asiyepata nyumba ya kupanga hukimbilia mitaa ya katikati, kodi ikapanda, na aliyekaa chumba chake Majengo kwa miaka ishirini akaambiwa atoke. Wewe hukumtoa kwa mkono wako, bali umemtoa kwa kiwanja chako kilicholala.

Sayyidna Umar aliliona hili zamani. Aliyezungushia ardhi mipaka kisha asiistawishe miaka mitatu, alimhukumia kuwa haki yake imekwisha. Na hati zetu za leo, kwa kawaida, zamtaka mwenye kiwanja ajenge ndani ya miezi 36. Hesabu, ndugu yangu: miezi 36 ni miaka mitatu ile ile! Sheria ya nchi na hukumu ya Khalifa zimekutana mahali pamoja, na wewe bado wasema kikilala kinazaa.

Limebaki la maji, nalo ni fupi kwa maneno, kubwa kwa uzito. Kwa miaka mingi Dodoma imeyategemea sana maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora. Watu wameongezeka, mvua haikuongezeka. Kwa hiyo kila ghorofa inayosimama katikati ya mji ni mdomo mpya kwenye kisima kile kile. Mwenye ghorofa huweka matangi makubwa, na siku ya mgao haoni kitu. Mwenye chumba kimoja ndiye anayebeba ndoo. Madina pia ilikuwa na kisima kitamu, cha Ruma, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, tajiri na maskini wakanywa sawasawa. Tajiri wa Madina alitumia mali yake kuyafungua maji. Tajiri wetu aitumia kuyafungia ndani ya tangi lake.

Kuna atakayesema: "Haya ni mambo ya serikali. Sheikh na ashughulike na darasa lake." Twamjibu: darasa letu ni hili hili. Milango ya kuuziana, kukodishana, wakfu na kuhuisha ardhi iliyokufa imejaa katika vitabu vya fiqhi tulivyovisoma tangu utoto. Hivyo vitabu viliandikwa kwa ajili ya watu wenye soko na visima, havikuandikwa vikae kabatini. Serikali ina sehemu yake, nasi tumekwisha itaja: ilipe fidia kamili na mapema, iuachie mji wa katikati basi zake na wauzaji wake, na ihakikishe kwamba aliyekuwapo anapata nafasi katika jengo jipya kabla ya mgeni.

Na wewe una sehemu yako. Kabla hujanunua ardhi Dodoma, panda treni uende. Usimwulize dalali peke yake. Mwulize mjumbe wa mtaa na wazee wa pale ardhi ile ilikuwa ya nani na alilipwa nini. Ukiona shaka, iache, kwani mtu aliyepora hata shubiri moja ya ardhi ameahidiwa mzigo mzito Siku ya Kiyama. Ukinunua, jenga, na kama huna uwezo wa kujenga, muuzie atakayejenga. Ukiwa na nyumba katikati ya mji na wataka kuibomoa uinue ghorofa, mpe mpangaji wako wa zamani muda na nafasi ya kurudi kwa kodi anayoiweza. Weka tangi la kuvuna maji ya mvua, ufungue bomba moja nje kwa majirani. Na nyinyi wenye mali mlio wengi Tanga, Bagamoyo, Unguja na Mombasa, changeni pamoja: nunueni nyumba moja karibu na soko la Majengo muifanye wakfu, chini fremu za kodi ndogo kwa wanaoanza biashara, juu vyumba vya wanafunzi wasio na jamaa. Nyumba moja ya namna hiyo ina faida kwa mji kuliko viwanja mia vilivyolala.

Babu zetu walipita Ugogo wakanywa maji ya wenyeji, na hongo wakalipa, ijapokuwa kwa kunung'unika. Sisi tumefika kwa treni, nasi twadaiwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tulipe kwa ridhaa, atuepushe na kula haki ya mwenzetu tukaiita maendeleo. Amin.

Wabillahi tawfiq.